Mtoto anataka nanoteknolojia: aandikishwe fakulte gani hapa Lubumbashi?

#1 TantineKatuba
Bandugu, jambo. Mtoto wa dada yangu amepata 71% kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, sekshoni ya hesabu na fizikia. Nyumbani tulingoja aseme udaktari au sheria. Akasema nanoteknolojia. Baba yake akamuuliza mara tatu "nano nini?", kisha akatoka kukaa chini ya mwembe. Minervali (ada ya chuo) ya mwaka wa kwanza nalipa mimi, basi kesi nimeachiwa mimi.

Juzi tumezunguka chuo kikuu siku nzima, taksi tatu na mguu. Tumesoma kila tangazo ukutani. Fakulte yenye jina hilo haipo. Karani mmoja akatutuma Sayansi, wa pili Politekniki (uhandisi), wa tatu akasema hayo ni mambo ya dawa. Mtoto amerudi kimya na karatasi tatu za kujiandikisha, zote tupu.

Mtu anayetaka kufanya kazi ya nano asome nini? Siku zimebaki 12. Nawaomba mjibu kama mnayemwambia mtoto wenu wa kumzaa.

#2 Kisanga_Leo
Yaya, pongezi kwa mtoto. Lakini nano yenyewe ni nini? Ni zile chipu walizosema zinaingizwa na chanjo?

#3 MetaloLikasi
@Kisanga_Leo nano ni kipimo. Milimita moja ukiigawa vipande milioni, kipande kimoja ni nanomita. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita kama 80,000. Watu wa fani hii wanahangaika na vitu vya kuanzia nanomita 1 hadi kama 100.

Faida yake? Chukua kipande cha mukuba (shaba) chenye sentimita moja kila upande, kama dadu. Ngozi yake yote ni sentimita 6 za mraba. Sasa kikate kiwe vidadu vya nanomita moja moja. Mukuba ni ule ule, uzito ni ule ule, lakini ngozi imefika mita 6,000 za mraba, karibu kiwanja kizima cha mpira. Na mambo yote ya kemikali yanafanyika kwenye ngozi. Mama zetu wanalijua hili bila hesabu: unga laini wa bukari (ugali) haushiki maji sawa na unga wa chenga, na vumbi la unga kwenye kinu linaweza hata kulipuka moto.

Ndiyo maana nasema Metalurjia, fani ya kutoa metali kwenye madini, Yaya. Kwenye flotasio tunasaga jiwe, tunatia dawa inayoshika ngozi ya chembe ya madini peke yake, povu linaibeba juu, mchanga unabaki chini. Mwanafunzi wetu anaishi na sayansi ya nyuso, yaani hiyo ngozi ya vitu, tangu miaka ya mwanzo. Na akimaliza, mji huu una kazi yake hata kama nano haijafika.

#4 NesiRuashi
@Kisanga_Leo chipu hakuna. Chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilibeba mRNA, ujumbe unaoiambia seli itengeneze protini gani, ndani ya vitone vya mafuta vya nanomita kama 100. Bila kile kifuniko cha mafuta mRNA inakatikakatika kabla haijaingia kwenye seli. Vitone hivyo ni nano kabisa, na havina waya wala betri.

Mimi nano naishika kila asubuhi. Kipimo cha malaria cha haraka: tone la damu, matone ya dawa, unasubiri. Ule mstari mwekundu watu wengi wanadhani ni damu. Kwenye vipimo vingi ule wekundu ni dhahabu. Chembe za dhahabu za nanomita makumi kadhaa, zimefungwa kwenye kingamwili zinazonasa protini ya kimelea. Dhahabu ikiwa ndogo hivyo inakuwa nyekundu. Wagonjwa wangu nikiwaambia wanaomba kile kibao waende nacho nyumbani.

Kwa hiyo yule karani wa tatu msimcheke. Famasi na biolojia zina mlango wao.

#5 FizikiaTupu
Mnazunguka mti. Mzizi wa nano ni fizikia. Mwanafizikia Richard Feynman alisimama Caltech, chuo cha Marekani, mwaka 1959, akaeleza kwamba chini kuna nafasi tele ya kupanga atomu moja moja, na ndiye aliyeleta neno nanoteknolojia. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer wakatengeneza mwaka 1981 hadubini inayopapasa atomu kwa ncha ya sindano, wakapata Nobel ya Fizikia 1986. Grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja: Andre Geim na Konstantin Novoselov, 2004, walibandua tabaka za grafiti kwa skochi tu, utepe wa gundi wa kawaida wa ofisini. Nobel ya Fizikia 2010. Mtoto ametoka hesabu na fizikia. Kwa nini mnamhamisha nyumba?

#6 KemiaNiUhai
@FizikiaTupu mukubwa, heshima, lakini hotuba ya 1959 haina neno hilo. Neno nanoteknolojia lilitumiwa na Norio Taniguchi wa Tokyo mwaka 1974. Na ukihesabu Nobel hesabu zote: ile mipira ya kaboni 60 ya Kroto, Curl na Smalley ilipata Nobel ya Kemia, 1996. Nukta kwantamu, chembe za nano ambazo rangi yake inafuata ukubwa wake, zilizo kwenye televisheni za kisasa, Bawendi, Brus na Ekimov, ni Kemia pia, 2023.

Yaya TantineKatuba, nakuambia niliyoyaona kwa macho. Nilikuwa masta, nje ya nchi. Asistenti akanipa njia ya Turkevich, ya mwaka 1951. Unachemsha maji yenye chumvi ya dhahabu kidogo sana, rangi ni manjano hafifu kama chai ya mgonjwa. Yakitokota unatia sitrati ya sodiamu. Kwanza rangi inapotea, unaona maji matupu. Kisha yanaingia kiwingu cha buluu nyeusi, kama mtu ametonesha wino. Halafu yanageuka, hujapepesa macho, mekundu ya divai. Ni dhahabu ile ya pete, ndani ya chupa, nyekundu.

Mara yangu ya kwanza haikufika kwenye wekundu. Ilisimama zambarau, na kesho yake chini ya chupa kulikuwa na tope jeusi. Nilikuwa nimesuuza chupa kwa maji ya bomba. Chumvi ile kidogo iliyobaki ukutani mwa kioo ilitosha kuzifanya chembe zishikane. Nilirudia wiki nzima, naosha chupa hadi vidole vinakunjamana. Kuanzia hapo nilielewa kwamba kazi hii robo tatu ni usafi na kemia. Fizikia inakuambia kwa nini ni nyekundu. Kemia ndiyo inayokupatia chupa yenyewe.

#7 FizikiaTupu
Ya Taniguchi nimekubali, aksanti kwa kunirekebisha. Lakini Ekimov uliyemtaja ni mwanafizikia! Nobel ya Kemia, mtu wa fizikia. Na alianza na nini? Na kioo kilichotiwa rangi kwa kloridi ya shaba. Mukuba, bandugu. Chembe zikiwa ndogo, rangi inabadilika. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya 1980.

#8 Kisanga_Leo
Kumbe mukuba tena. Wazee wetu waliokuwa wakiyeyusha shaba kuunda misalaba hapa wangeielewa hii mada haraka kuliko mimi.

#9 Himbi_Goma
Mko na mukuba, sisi Goma tuko na maji. Nisikilizeni kidogo, si nje ya mada.

Ardhi yetu ni ya volkano. Maji ya kandokando ya Nyiragongo na Nyamulagira yanabeba floridi nyingi. Ukienda vijiji vya upande ule utaona watoto wanacheka na kufunika mdomo kwa mkono, kwa sababu ya madoa ya kahawia kwenye meno. Dada yangu mdogo ni mmoja wao. Kuchemsha hakusaidii, floridi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Arusha yuko Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela. Alitengeneza chujio la mchanga lililochanganywa na materiali ya nano, la kuondoa floridi na uchafu mwingine kadiri ya maji ya mahali. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, na ilikuwa mara ya kwanza kutolewa. Yeye alisomea nini? Uhandisi wa kemia, udaktari akaufanyia Korea Kusini. Hakuanza na fakulte ya nano. Alianza na maji mabaya ya kijijini.

Muulizeni mtoto anataka kutengeneza nini. Jibu la fakulte litatoka humo.

#10 Fundi_wa_Kenya
Mimi natengeneza simu. Kila siku naona matangazo, chipu ya nano 5, chipu ya nano 3. Si aende elektroniki moja kwa moja?

#11 Kisanga_Leo
Fundi, karibu kutoka Nairobi.

#12 Fundi_wa_Kenya
Kenya ya komine ya hapa hapa Lubumbashi, kaka, karibu na soko. Umekuja kwangu mara mbili kubadilisha kioo, unajifanya hunijui?

#13 Kadutu_Mhandisi
@Fundi_wa_Kenya ile "nano 3" siku hizi ni jina la kizazi cha chipu. Ukiingia ndani na kupima, mlango wa transista (swichi ndogo ya umeme) ni mkubwa kuliko hizo nanomita 3. Zamani jina lilifuata kipimo, sasa vimeachana.

Ila kwenye bodi unayoshika kila siku kuna nano nyingine iliyotoka kwetu Kivu. Angalia zile kapasita (vitunza-umeme) ndogo za njano au nyeusi zenye mstari upande mmoja. Ni tantali, metali inayotoka kwenye madini ya koltani. Unga wa tantali unakandamizwa, unachomwa hadi unakuwa kama sponji, kisha unatumbukizwa kwenye asidi na kupitishiwa umeme. Ngozi ya oksidi inaota juu ya kila chembe, karibu nanomita 2 kwa kila volti moja. Ngozi hiyo nyembamba ndiyo inayozuia umeme usivuke. Koltani inavuka mpaka kwa gunia, inarudi ikiwa kitu cha ukubwa wa punje ya mchele ambacho Fundi anakinunua kwa dola.

Mimi nilisoma elektroniki nikapita karibu na haya yote bila kujua, kwa sababu hakuna profesa aliyenifungulia kapasita kunionyesha. Kwa hiyo siwezi kusema elektroniki peke yake inatosha. Hata hivyo bila kuelewa umeme unapitaje kwenye kitu chembamba, hiyo kemia yenu itaishia kwenye chupa nzuri.

#14 GolfPlateau
Naomba niseme yaliyonipata, mtoto asirudie.

Mimi nilifuata jina. Nilipata nafasi nje, shule ya kulipia, kwenye karatasi imeandikwa "Nanoteknolojia" kwa herufi kubwa. Familia iliuza kiwanja cha Kalebuka. Miaka mitatu nilisoma slaidi. Hadubini ya elektroni niliiona mara moja, nyuma ya mlango wa kioo, imefunikwa plastiki. Kemia walitupa muhula mmoja, hesabu muhula mmoja, kila kitu kidogo kidogo kama sahani ya kuonjesha harusini. Niliporudi, kampuni ya kwanza iliniuliza: wewe ni mkemia au mhandisi? Sikuwa na jibu. Masta moja ya Ulaya nayo ilinikataa, wakasema msingi wa fizikia hautoshi.

Nililazimika kuanza tena mwaka wa kwanza wa kemia ya viwanda, nikiwa na miaka 24, nikikaa dawati moja na wadogo zangu. Leo nafanya kazi maabara ya mgodi, napima shaba na kobalti. Ni kazi nzuri na ninaipenda. Lakini kile kiwanja hakikurudi, na mama hakuwahi kunilaumu hata mara moja, ndiyo inayoniuma.

Nano ni ya ghorofani. Chini achukue kitu kimoja kizima, chochote kati ya hivyo mnavyobishania, akishike mpaka mwisho.

#15 NesiRuashi
@GolfPlateau pole sana kaka. Aksanti kwa kulisema.

#16 TantineKatuba
Aksanti wote. GolfPlateau, Mungu akubariki, nimemsomea baba yake maneno yako na amerudi ndani.

Mtoto naye amesoma uzi mzima kwenye simu yangu mpaka chaji ikaisha. Swali lake ni moja: kwa nini dhahabu ndogo ni nyekundu?

#17 FizikiaTupu
Mwambie ameuliza swali zuri kuliko sisi. Ndani ya metali elektroni ziko huru. Mwanga ukipiga kichembe kidogo cha dhahabu, elektroni zake zote zinayumba pamoja, kwenda na kurudi, kama maji kwenye beseni ukilitikisa. Kila beseni lina mwendo wake wa kuyumba. Kwa dhahabu ya nanomita 20 hivi, mwendo huo unalingana na mwanga wa kijani. Kijani kinamezwa, wekundu unapita, ndio unaouona. Faraday aliichunguza dhahabu hii nyekundu London mwaka 1857, kabla elektroni haijajulikana.

#18 KemiaNiUhai
Kweli, na aongeze hili: chembe mbili zikikaribiana sana, zinayumba pamoja, rangi inahama kwenda buluu. Ndiyo zambarau yangu ya siku ile. Sitrati inazivika chaji hasi, zinasukumana, zinabaki mbalimbali. Chumvi ikiingia, ule msukumano unafifia. Rangi inakuambia kama chembe zimepatana au zimegombana.

#19 FizikiaTupu
Unaona tunavyohitajiana.

#20 KemiaNiUhai
Naona. Lakini aje kemia.

#21 BetriYetu
Nimechelewa. Mbona hakuna aliyetaja betri, na tuko Lubumbashi?

Mwaka 1980, Oxford, kikundi cha John Goodenough kilionyesha kwamba oksidi ya kobalti na litiamu inafaa kuwa upande chanya wa betri. Kobalti! Mwaka 2019 akapewa Nobel ya Kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, akiwa na miaka 97. Na ninyi mnaogombania fakulte mjue: Goodenough alisoma hesabu Yale, udaktari wake ni wa fizikia Chicago, Nobel ni ya kemia. Mmuweke wapi huyo?

Karibu 70% ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi yetu. Inapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwenye magunia makubwa ikiwa hidroksidi, unga wenye rangi ya waridi iliyochakaa. Kutoka unga ule hadi upande chanya wa betri kuna kazi ya kudhibiti chembe: ukubwa, umbo, ngozi. Hiyo ndiyo kazi ninayotamani ifanywe na watoto wa hapa. Mwaka 2022 kwenye chuo kikuu chetu kilizinduliwa kituo cha Afrika cha utafiti wa betri, pamoja na Wazambia. Mtoto aulizie pale hata kabla ya kujiandikisha.

#22 MetaloLikasi
Naunga mkono, na njia ya kwenda huko inapita Metalurjia. Kuyeyusha kwa asidi, kusafisha kwa vimiminika, kupata hidroksidi safi, ni mkate wetu wa kila siku.

#23 GolfPlateau
@BetriYetu nakubali yote, ila mtoto asifungwe kwenye kobalti. Betri za LFP hazina kobalti hata punje, ni chuma na fosfati. Na zilifaulu kwa sababu ya nano hiyo hiyo: fosfati ya chuma inapitisha umeme vibaya mno, wakaifanya chembe ndogo sana na kuivika ngozi ya kaboni, ikakubali. Ujuzi huo unaweza kuipandisha kobalti yetu au kuishusha.

#24 BetriYetu
Kweli, na ndiyo inayoninyima usingizi. Afadhali wa kwetu wawemo chumbani jambo hilo linapoamuliwa.

#25 MwalimuKampemba
Mimi ni licencié (mwenye digrii) wa fizikia, huu ni mwaka wangu wa tisa nafundisha sekondari. @FizikiaTupu, umeandika vizuri, lakini Tantine alituomba tuseme kama kwa mtoto wetu. Fizikia safi bila masta ni chaki. Sijutii, nawapenda wanafunzi wangu, lakini mzazi anayelipa ajue.

Kuna mlango mmoja hamjautaja. Nano ya kompyuta. Programu kama Quantum ESPRESSO ni ya bure. Unapanga atomu zako, inakokotoa elektroni zinakaa vipi, kitu kitapitisha umeme au hapana. Nilijifundisha usiku kwa kompyuta ya mkononi ya mtumba. Umeme ukikatika, hesabu ya saa sita inapotea kama hukuweka alama ya kuendelea. Kigali kuna EAIFR, taasisi ya utafiti wa fizikia, mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, wanatoa masta ya fizikia ikiwemo ya vitu vigumu. Nimeomba mwaka huu. Mtoto hata akienda kemia au metalurjia, aanze Python (lugha ya kuandikia programu) na Kiingereza sasa hivi, kwa sababu makala za fani hii karibu zote ziko kwa Kiingereza.

#26 Himbi_Goma
Mwalimu, ukipita Goma kwenda Kigali, lala kwetu. Chakula kipo.

#27 NesiRuashi
Jambo moja la afya. Chembe za udogo huu zikiwa vumbi zinaingia ndani kabisa ya mapafu. Ulaya imepiga marufuku dioksidi ya titani kwenye chakula tangu 2022, sehemu ya wasiwasi ni chembe zake za nano. Popote atakapoandikishwa, afundishwe barakoa na kabati la maabara linalonyonya hewa chafu kabla ya kufundishwa kitu kingine. Mji huu tumezika watu wa kutosha kwa sababu ya vumbi.

#28 Fundi_wa_Kenya
Na mimi naomba aje kibandani siku moja. Nina bodi mbovu kilo nzima. Nitamfungulia kapasita ya Kadutu_Mhandisi, aione sponji kwa lenzi.

#29 TantineKatuba
Nimemuuliza alichoniambia Himbi_Goma: unataka kutengeneza nini? Akafikiri sana. Akasema hajui bado, lakini anataka kuona yale maji yakigeuka mekundu, na anataka kujua kama mukuba nao unageuka. Karatasi ya famasi ameirudisha kwenye bahasha. Zimebaki mbili na ile ya Fizikia ameomba nikamchukulie leo. Tuko palepale, ila sasa anaongea.

#30 KemiaNiUhai
Mukuba nao unageuka mwekundu, Yaya, lakini unaungua na hewa upesi, ni mgumu kuushika. Aje anione. Dhahabu sina, lakini nitamfanyia ya nitrati ya fedha, inatoka manjano.

#31 MetaloLikasi
Jumanne asubuhi aanzie kwetu. Avae viatu vya kufunika vidole. Ataona povu likibeba malakiti, jiwe la kijani la mukuba, iliyosagwa, kisha nitampeleka mwenyewe kwa KemiaNiUhai.

#32 FizikiaTupu
Na asiandike chochote kabla hajapita kwangu.

#33 TantineKatuba
Jumanne tunakuja. Baba yake anauliza kama naye anaruhusiwa, na kama viatu vya kanisani vinafaa.